Mkoba wa mbao wa zamani: wa brashi, wa dekupaji au wa mawe ya kioo?

Weka mezani mikoba mitatu ya mbao iliyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1960 au mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yote ni visanduku vyenye mpini juu, bawaba nyuma na kikomeo mbele, na yote imepambwa kwa maua. Ukisimama hatua mbili kutoka mezani ni vigumu kuitofautisha, na muuzaji huenda ameiandika yote "imechorwa kwa mkono". Ukiisogelea utakuta mmoja umepakwa rangi kwa brashi juu ya mbao, wa pili umebandikwa picha za karatasi zikafunikwa kwa vanishi (hiyo ndiyo dekupaji), na wa tatu umechapwa mchoro kisha ukagundishwa mawe ya kioo. Hapo ndipo inapoamuliwa mkoba utadumu vipi mkononi mwako, utasafishwaje, na ukiumia utatengenezeka au la.

Kanuni yetu ni moja: usichague kwa uzuri wa picha, chagua kwa kile kinachoishikilia picha. Kwenye mkoba wa brashi, picha inashikiliwa na rangi yenyewe pamoja na namna mbao ilivyoandaliwa chini yake. Kwenye dekupaji inashikiliwa na vanishi. Kwenye mkoba wa mawe, na gundi. Kila kimoja huchoka kivyake.

Kwanza ujue unatazama nini

Unahitaji lenzi ya kukuza mara 10 na tochi ya simu. Punguza mwanga wa chumba, kisha ilaze tochi karibu iwe sambamba na uso wa mkoba ili mwanga uupite kwa pembeni. Kwenye mkoba wa brashi utaona vilima na mabonde. Petali moja ya waridi iliyopigwa kwa pigo moja la brashi ina kichwa na mkia: rangi imerundikana pale brashi ilipotua, ikawa nyembamba pale ilipoinuliwa, na katikati kuna mistari myembamba ya nywele za brashi. Pale majani yanapopandana, rangi ya juu inapita juu ya kilima cha rangi ya chini. Hakuna mashine ya kuchapa ya wakati ule iliyofanya hivyo.

Kwenye dekupaji, lenzi itakuonyesha vitone vidogo vya wino vilivyopangwa kwa safu: bluu, wekundu wa waridi, manjano na nyeusi. Hiyo ni karatasi iliyochapwa. Tafuta pia ukingo wa mkasi, yaani kingazi chembamba, ngazi ndogo ya unene wa karatasi, kinachozunguka ua zima. Kazi nzuri ya dekupaji ilipewa mikono 20 au zaidi ya vanishi na kusuguliwa kwa msasa laini katikati, kwa hiyo kingazi hicho kinaweza kuwa kimezama kabisa, na picha ikaonekana iko chini ya kioo kama changarawe chini ya maji. Vitone havizami. Ukiviona, basi ni karatasi.

Angalizo kwa mkoba mchanganyiko, ambao ndio unaowapotosha wanunuzi wengi. Mandhari yamepakwa kwa mkono, vivuli vimeongezwa kwa mkono, hata kamba ya majani pembeni ni ya mkono, lakini picha kuu katikati ni karatasi. Huo utunze kama dekupaji, kwa sababu sehemu dhaifu ndiyo inayoweka masharti.

Mkoba wa mawe hautambuliki kwa shida. Mawe bapa ya kioo yenye karatasi ya fedha mgongoni yamegundishwa juu ya mchoro uliochapwa kwa skrini, yaani kwa wino uliopitishwa kwenye kitambaa chembamba. Jina kubwa katika aina hii ni Enid Collins, aliyekuwa na kampuni yake Medina, Texas, hadi ilipouzwa kwa kampuni ya Tandy mwaka 1970. Mikoba yake mingi ina herufi ndogo "ec" na jina la mchoro limeandikwa usoni, kama Money Tree au Roadrunner. Kampuni hiyo iliuza pia vifurushi vya mtu kujitengenezea nyumbani, hivyo mawe yaliyopangwa ovyo kidogo si lazima yawe dalili ya mkoba bandia. Huenda ni mikono ya mtu aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza.

Mikoba ya brashi kwa kawaida haina jina kubwa nyuma yake. Maduka ya vifaa vya sanaa yaliuza visanduku vitupu vya mbao, na mwenye brashi akachora nyumbani au darasani. Ndiyo maana ndani ya kifuniko au chini ya kitako hukutwa jina na mwaka. Saini hiyo ichunguze kwa lenzi. Iliyotiwa siku ya kazi imelala chini ya vanishi, na nyufa za vanishi zinapita juu yake. Wino ukiwa umeingia ndani ya nyufa, saini imeongezwa baada ya vanishi kuzeeka, na mwaka ulioandikwa usiuamini.

Kama muuzaji anadai mkoba ni wa miaka ya 1930 na umechorwa kwa rangi ya akriliki ya maji, madai hayo hayasimami. Rangi hizo zilianza kuuzwa kwa wachoraji Marekani katikati ya miaka ya 1950. Na visanduku vya sigara vilivyotiwa mpini na kioo kipya ni kazi ya baadaye. Mbao inaweza kuwa ya zamani, lakini mkoba si wa zamani.

Ubavu kwa ubavu

| | Wa brashi | Dekupaji | Wa mawe |
|---|---|---|---|
| Kinachoshikilia picha | Rangi na rangi ya msingi | Tabaka nene la vanishi | Gundi |
| Adui mkubwa | Mbao kutanuka na kusinyaa | Pigo na unyevu kwenye ukingo | Maji na joto |
| Jeraha dogo | Hurekebishika vizuri | Huonekana daima | Hurekebishika ukipata jiwe la kufanana |
| Kuguswa kila siku | Unastahimili, ukiwa na vanishi nzima | Hupata mikwaruzo upesi | Mawe hunasa nguo na kung'oka |

Uzito, kwa yote mitatu

Hapa aina haijalishi, ni hesabu ya mbao. Chukua kisanduku cha sentimita 25 kwa 15 kwa 10 chenye kuta za milimita 8 za msonobari. Eneo la pande zote sita ni sentimita za mraba 1,550. Zidisha kwa unene upate takriban sentimita za ujazo 1,240. Mbao hiyo ina uzito wa karibu nusu gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Hizo ni gramu 620 kabla ya bawaba, mpini na kioo cha ndani. Ongeza gramu 150 hadi 250 za vitu hivyo, na mkoba mtupu unakaribia gramu 800. Nafasi ya ndani ni kama lita 2.6 tu. Simu kubwa inaingia ikilazwa, pochi inaingia, funguo zinaingia, na hapo umejaa. Chupa ya maji isahau.

Uliza vipimo vya ndani, si vya nje. Kwenye kisanduku kidogo, milimita 8 kila upande pamoja na bitana ya mahameli au felti hupunguza nafasi kuliko unavyodhania.

Wa brashi unavyoumia

Mbao hutanuka ikipata unyevu na kusinyaa ikikauka, na hufanya hivyo kwa upana, kukatisha nyuzi zake, si kwa urefu. Rangi iliyokauka haiwezi kuifuata mbao kila mara. Kwa hiyo ufa wa kwanza kwenye mkoba wa brashi karibu daima ni mstari mnyoofu unaofuata nyuzi za mbao, au ufa wa wima kwenye pembe pale mbao mbili zilipoungana. Ufa wa namna hiyo, ukiwa umefunga na rangi bado imelala pande zote mbili, hautishi. Kinachotisha ni rangi iliyoinuka kama magamba ya samaki. Hapo rangi imeachana na mbao, na kila unapoupapasa mkoba unaondoka na kipande.

Sababu yake hasa ni maandalizi. Aliyepaka rangi ya msingi, akasugua kwa msasa, akapaka tena ndipo akachora, kazi yake imeshika. Aliyechora juu ya mbao tupu iliyojaa vumbi, au juu ya fundo la msonobari linalotoa utomvu, kazi yake inaambuka. Fundo utalitambua kwa doa la mviringo la rangi ya chai linalojitokeza kwenye mandhari meupe. Halifutiki, kwa sababu linatoka ndani.

Plaiwudi ina nafuu hapa. Tabaka zake zimelazwa kwa kupishana nyuzi, kwa hiyo haitanuki sana. Fungua kifuniko uangalie ukingo: ukiona mistari ya tabaka kama kurasa za kitabu kilichofungwa, ni plaiwudi. Wengi huishusha thamani wakidhani mbao nzima ni bora. Kwa mkoba utakaoubeba, sisi tunaichagua plaiwudi bila kusita, mradi tabaka hazijaanza kuachana pembeni.

Jeraha dogo la rangi linarekebishika. Kwanza pakaza mahali pale vanishi inayoweza kuondolewa baadaye, acha ikauke, ndipo uongeze rangi ya akriliki kwa brashi ndogo, ndani ya kidonda tu bila kuvuka kingo zake. Ile vanishi ya kwanza inakutenganisha na kazi ya asili: ukikosea, unafuta chako bila kugusa cha mwenzako wa mwaka 1968. Rangi yenye magamba usiipake vanishi juu ukitumaini itatulia. Vanishi hufunga uchafu chini, na ikikauka huvuta magamba yainuke zaidi. Hiyo ni kazi ya mhifadhi wa vitu vya sanaa.

Na usipige msasa hata kidogo. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978, kwa hiyo rangi yoyote ya kabla ya hapo ichukulie kuwa huenda ina madini hayo. Rangi iliyokaa imara chini ya vanishi si shida kuibeba. Vumbi lake ndilo sumu, hasa kwa watoto. Mkoba unaomwaga unga wa rangi usipewe mtoto achezee.

Dekupaji

Inapendeza kuliko zote ikiwa mpya na inazeeka kwa kishindo. Vanishi nene ya mafuta hugeuka manjano, kisha ya asali. Nyeupe inakuwa krimu, na bluu inaelekea kijani. Wengine wanaipenda rangi hiyo na hawajakosea, lakini tambua kuwa huwezi kuiondoa. Kiyeyusho kinachotoa vanishi hakisimami kwenye vanishi: kinafika kwenye karatasi, na wino unaondoka nayo.

Kosa la pili ni unyevu kuingia kwenye ukingo. Mkoba ukigongwa pembeni, tabaka zima la vanishi linavunjika kama ganda la yai, na chini yake karatasi imebaki wazi. Siku ya mvua karatasi hiyo inafyonza maji, inavimba, na doa jeupe lenye ukungu linaanza kutambaa ndani kutoka kwenye kidonda. Kwa hiyo ukikagua dekupaji, usianzie katikati ya picha. Anza kwenye pembe nane za kisanduku na kwenye ukingo wa kifuniko pale vidole vinapofungulia. Pembe zikiwa nzima, mkoba umetunzwa. Pembe ikiwa imevunjika lakini ni kavu, izibe mara moja kwa vanishi ya akriliki kwa ncha ya brashi. Kidonda kitaonekana, ila hakitatambaa.

Wa mawe

Mawe yanang'aa kwa sababu ya ile karatasi ya fedha mgongoni. Maji yakipenya chini ya jiwe, fedha inakuwa nyeusi na jiwe linakufa: liko palepale, zima, lakini ni kijicho cheusi kisichorudisha mwanga. Hesabu yaliyokufa pamoja na yaliyopotea. Wauzaji hutaja yaliyopotea tu.

Gundi ya wakati ule ikizeeka huwa ya manjano na kuvunjika kama sukari guru. Ikwangue polepole ubavuni mwa jiwe moja kwa kijiti cha meno. Ikiruka kama kioo, tarajia mawe mengine kufuata, hasa mkoba ukiachwa kwenye gari lililoegeshwa juani.

Kubadilisha jiwe, pima kipenyo kwa kipimo cha milimita. Mawe bapa huuzwa kwa namba: namba 16 ni kama milimita 4, namba 20 ni kama 4.7, namba 30 ni kama 6.4. Safisha shimo la gundi ya zamani kwa kijiti cha mbao, si kwa kisu. Tumia gundi ya epoksi au gundi ya vito inayobaki na mnato baada ya kukauka, tone dogo kuliko jiwe. Gundi ya papo kwa papo iepuke: mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya jiwe na juu ya rangi inayolizunguka, na ukungu huo hautoki kirahisi.

Vyuma

Mikoba mingi haifi kwa picha. Inafia kwenye bawaba. Ukuta ni milimita 8, na skrubu iliyoingia ndani yake inashikilia nyuzi chache tu za mbao. Kifuniko kikiachwa kidondoke nyuma mara nyingi, tundu linapanuka. Kisha mtu anajaribu kulitengeneza kwa skrubu ndefu. Pitisha ncha ya kidole upande wa pili wa ukuta, mkabala na kila skrubu. Ukihisi kipele, au ukaona rangi imeinuka kama kichwa cha chunusi, skrubu ya milimita 10 imetumika kwenye ukuta wa milimita 8. Kwenye mkoba wa brashi kipele hicho kinabandua rangi. Kwenye dekupaji kinapasua vanishi kwa umbo la nyota.

Tundu lililolegea linatibika: toa skrubu, jaza tundu kwa vijiti vya meno vilivyopakwa gundi nyeupe ya mbao, vikate vilingane na ukuta, acha saa 24, kisha rudisha skrubu ileile. Ufunge kwa mkono, si kwa mashine.

Mpini wa mbao au wa mwanzi ndio salama zaidi. Mpini wa ngozi ukiacha unga mwekundu mkononi umekwisha, badilisha. Mpini wa plastiki ya zamani unaonuka kafuri huenda ni seluloidi, na seluloidi inayooza hutoa mvuke unaokula vyuma vya jirani. Ukiona kutu ya kijani kwenye bawaba na kikomeo kwa pamoja, nusa mpini.

Jaribio la mwisho: weka karatasi kwenye kila pembe ya kifuniko, funga, uivute. Inatakiwa ibane sawasawa kote. Pembe mbili za mkabala zikiachia, kifuniko kimejipinda, na kikomeo kitakuwa kinafunguka chenyewe ukiwa njiani. Kisha tia gramu 500 ndani, uning'inize mkoba kwa mpini dakika 10, uangalie kama skrubu za mpini zimeinuka.

Kusafisha na kuhifadhi

Kwa wa brashi: brashi laini kavu kwanza, kisha kijiti cha pamba kilicholowa kidogo maji yaliyokenekwa. Kizungushe juu ya uso, usisugue. Anzia kitakoni kwenye nyekundu au nyeusi, maana hizo hutoa rangi upesi. Pamba ikipata rangi, acha hapo hapo. Spiriti usiikaribishe kabisa. Inayeyusha vanishi ya shelaki na kulainisha akriliki. Ziepuke pia dawa ya kusafishia vioo, ambayo mara nyingi ina amonia, na karatasi zenye unyevu za kufutia mikono, ambazo mara nyingi zina spiriti. Dekupaji, kama kuna pembe iliyovunjika, ifute kwa kitambaa kikavu pekee. Wa mawe ni brashi kavu peke yake.

Unyevu wa hewa ukikaa kati ya asilimia 40 na 55 yote mitatu inatulia. Kilicho muhimu zaidi ni usibadilike ghafla. Kabati la katikati ya nyumba ni bora kuliko rafu ya dirishani. Ukiona matundu madogo ya bungua, funga mkoba kwenye mfuko juu ya karatasi nyeusi wiki 3 au 4. Unga mpya ukidondoka, wadudu bado wamo.

Upi uchukue

Unataka mkoba wa kubeba mara mbili tatu kwa wiki: chukua wa brashi, wa plaiwudi, wenye vanishi nzima na mpini wa mbao, hata kama mchoraji wake hajulikani. Picha ya kawaida yenye msingi mzuri itakufaa kuliko picha bora inayoambuka. Unataka wa harusi na sherehe za ndani, mara chache kwa mwaka: dekupaji yenye pembe nane nzima itakupendeza kuliko yote. Unakusanya, na jina lina maana kwako: wa mawe, lakini hesabu mawe kabla ya kukubaliana bei, na usiubebe mvuani. Kama una watoto wadogo na unatafuta pambo la rafuni, mawe yanayong'oka ni hatari ya kukaba koo. Wa brashi wenye rangi iliyotulia, uwekwe juu wasipofikia.

Ukinunua bila kuushika, omba picha hizi: bawaba zikiwa wazi, ndani ya kifuniko, kitako, kila pembe kwa karibu, ukingo wa mbao unaoonyesha kama ni plaiwudi, na uso wa mbele ukimulikwa kwa tochi ya pembeni. Omba uzito kwa gramu na vipimo vya ndani. Muuzaji akikutumia zote isipokuwa ya tochi, iombe tena, kwa sababu mwanga wa mbele huficha magamba, vipele vya skrubu na kingazi cha karatasi kwa pamoja.